Ombi la Kuipandisha Hamburg Daraja Ili Nipate Kuolewa

Swafiya Issa Mnali,
Bur Dubai.
Jumatano, 7 Mei 2025.

Kwa Mheshimiwa Balozi Mdogo wa Ujerumani,
Dubai.

Mheshimiwa,

Natanguliza heshima zangu zote, na natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, familia yako na wote unaofanya nao kazi. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Lindi, msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja ya Dubai Marina. Viza sina haja nayo na Ulaya siendi. Nalisema hilo mapema ili barua yangu isije ikatupwa kwenye lile rundo kubwa. Shida yangu ni moja, na naamini iko ndani ya uwezo wa serikali yako. Naomba timu ya mpira wa miguu ya Hamburg irudishwe ligi kuu ya Ujerumani, kwa sababu isiporudi mimi siolewi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Watu wenu waliwahi kukaa kwetu miaka mingi bila kualikwa, na walipoondoka wakatuachia maneno mawili tunayoyatumia mpaka leo: shule na hela. Nikaona kwamba taifa lililotuachia shule haliwezi kukosa mtu wa kusoma barua, hata kama hela zilikwisha.

Mchumba wangu anaitwa Shomari. Ni dereva wa foklifti katika bandari ya Al Hamriya, anapakia magodoro, friji na matairi yanayokwenda Mombasa, Zanzibar na Bosaso. Kwao ni Temeke, Dar es Salaam. Kama unavyojua, Dar es Salaam na Hamburg ni miji iliyofunga udugu, na wakubwa wa pande zote wakatia saini. Watu wengi wa Dar hawana habari na udugu huo. Shomari anao kama udugu wa kunyonya ziwa moja. Alipokuwa kijana, Mjerumani mmoja aliyekuja Temeke kwa mradi wa usafi alimwachia jezi ya Hamburg, na tangu hapo hajawahi kuwa na timu nyingine, hata ya nyumbani.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye abra, boti ya kuvusha watu, tukivuka kutoka Deira kuja Bur Dubai. Alikuwa amevaa jezi hiyo yenye alama ya pembe nne, buluu, nyeupe na nyeusi, nami nikamuuliza anafanya kazi kampuni gani ya meli. Hakunicheka. Alinieleza, abra ikafika ng'ambo, watu wakashuka, yeye bado yuko mwaka 1983, Hamburg ilipochukua kombe la Ulaya. Machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa jambo lililotokea kabla hajazaliwa. Nikasema moyoni, mwanamume huyu akinipenda hatanisahau. Posa yake ilikwenda Lindi ikapokelewa, na ndoa ikapangwa iwe baada ya Idd, mwaka 2018. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kushuka kwenyewe. Mheshimiwa, tangu ligi yenu kuu ianze mwaka 1963, Hamburg peke yake ndiyo iliyokuwa haijashuka hata mara moja. Walitundika saa kubwa uwanjani ikihesabu muda waliokaa juu, na nyinyi wenyewe mkaipa jina la utani la Dainosaria, yule mjusi mkubwa wa kale, kwa ukongwe wake. Halafu Mei mwaka ule ule, wiki chache kabla ya ndoa yangu, mkaiacha ishuke. Tulikuwa mkahawani Deira, meza nzima ya Waswahili. Siku hiyo Hamburg ilishinda mechi yake na bado ikashuka, kwa sababu na wenzake walishinda. Jambo hilo peke yake lilistahili barua nyingine, ila sikutaka kukuchosha.

Shomari alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya watu wote, "Jamani, siwezi kuvaa kanzu ya harusi Hamburg ikiwa chini. Tutaoana ikirudi." Watu wakacheka. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwaka mmoja tu huo!" Nami nikaitikia kwa kichwa. Naomba izingatiwe kuwa nilikubali baada ya kutazama historia ya timu, na historia hiyo hamkuandikiwa na mtu mwingine.

2. Nafasi ya nne. Timu mbili za kwanza zinapanda, ya tatu inakwenda kwenye mechi za mchujo, ya nne inakwenda nyumbani. Hamburg ilishika nafasi ya nne mwaka 2019. Ikashika ya nne mwaka 2020. Ikashika ya nne mwaka 2021. Mtu akiwa wa nne mara moja tunampa pole. Akiwa wa nne mara tatu mfululizo hiyo ni tabia, na tabia hurekebishwa na wazazi. Sikuona popote kwamba wazazi waliitwa.

Huo mwaka 2020 nitauongelea kidogo. Dunia ilikuwa imefungwa, hoteli yetu haina mgeni hata mmoja, sisi tumejifungia vyumbani tunaogopana. Shomari alikuwa akija chini ya jengo letu amevaa barakoa, anaacha mfuko wa mikate na maziwa kwa mlinzi, kisha anarudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara na kunipigia kelele mimi niliye dirishani ghorofa ya nne. Hakuwa na maneno ya mapenzi. Alikuwa ananisomea msimamo wa ligi. Majirani Wahindi walikuwa wakifungua madirisha kumsikiliza. Siku moja akapaza sauti, "Swafiya! Kesho tunamaliza na Sandhausen, nyumbani kwetu!" Alilitaja jina la Sandhausen kama mtu anavyomtaja mtoto wa jirani.

Kesho yake jioni alikuja tena na mkate. Hakupiga kelele. Alinyanyua mkono akanionyesha vidole vitano, kisha kidole kimoja, akauacha mfuko kwa mlinzi, akaondoka. Tano kwa moja, Mheshimiwa, na moja ndiyo yetu.

3. Mechi za mchujo. Hizi zifutwe. Mwaka 2022 Hamburg iliacha nafasi ya nne ikashika ya tatu, tukashukuru Mungu, kumbe ya tatu ni mtihani mwingine wa kukutana na Hertha ya Berlin iliyokuwa inakaribia kushuka. Hamburg ikaenda Berlin ikashinda moja bila. Mama yangu kule Lindi akaagiza mchele, akawaarifu akina mama wa mtaa. Siku chache baadaye Hamburg ikafungwa mbili bila, tena nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Mchele ukishafika nyumbani haurudi dukani. Mdogo wangu, aliyechumbiwa na kijana asiye na timu yoyote, aliolewa kwa mchele wangu. Sasa ana watoto wawili na ananiita dada kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo zamani.

4. Mwisho wa wiki ule wa Mei 2023. Hapa nitaomba uvumilivu wako, na ikiwezekana uketi.

Ninaishi chumba kimoja na Wangari, Mkenya wa Murang'a, mlinzi katika mnara mmoja wa Marina, mwanamke asiyeogopa mtu. Yeye ni Dortmund. Jumamosi hiyo Dortmund walihitaji kuwafunga Mainz tu, nyumbani, ili wawe mabingwa, na Wangari alikuwa amekwisha nunua keki. Wakatoka mbili mbili. Bayern wakafunga goli la dakika za mwisho kule Köln, wakachukua kombe. Nilimkuta Wangari kitandani amejifunika uso kwa jezi. "Swafi," akaniambia kutoka humo ndani, "hii sasa ni madharau." Nikatafuta la kumfariji. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo hiyo jirani zao Schalke, ambao Wangari anawachukia kuliko jua la Agosti, walikuwa wameshuka daraja. Ndipo akaanza kulia kweli. "Na sasa mimi nitagombana na nani?" akaniuliza. Swali hilo naiachia ofisi yako.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili ikawa zamu yetu, na wa kucheza naye ni Sandhausen wale wale. Tulikuwa kwenye mgahawa chini ya jengo, mimi, Shomari, na Wangari aliyekuja na miwani ya jua. Hamburg ilishinda moja bila. Timu ya Heidenheim, iliyokuwa mbele yetu, ilikuwa imekwama kwenye mechi yake. Mashabiki wa Hamburg wakavamia uwanja, watu wazima wanakumbatiana, wanang'oa nyasi waende nazo nyumbani. Shomari alinishika mikono yote miwili, kitu ambacho hajawahi kukifanya hadharani, kisha akachukua simu akampigia baba yangu Lindi. "Baba! Amepanda! Hamburg amepanda!" Nikasikia kwenye simu vigelegele vya mama.

Mheshimiwa, Heidenheim walikuwa bado wanacheza. Refa alikuwa ameongeza dakika. Katika dakika hizo za nyongeza walifunga goli, kisha wakafunga lingine, wakapanda wao. Wale watu wa Hamburg walikuwa bado wameshika nyasi mikononi.

Shomari alilazimika kupiga simu ya pili. Hapa lazima nikueleze habari za baba. Baba yangu, Mwalimu Issa, alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na alisubiri kupandishwa daraja miaka mingi kuliko ilivyo haki. Aliposikia kwamba ndoa yetu inamsubiri Hamburg apande daraja, alielewa kuwa Hamburg ni kaka mkubwa wa Shomari, mtumishi wa serikali. Tulijaribu kumweleza, akasema anaelewa, na kesho yake akauliza Hamburg ana watoto wangapi. Basi siku ile, aliposikia kwamba Hamburg hakupanda baada ya yote, alisema kwa huzuni ya mtu anayeyajua hayo, "Mwambie asivunjike moyo. Hata mimi jina langu lilitoka kwenye orodha, likakatwa. Aende mwenyewe Utumishi akaliulizie faili lake."

Baada ya hapo Hamburg ilikwenda kwenye mchujo na Stuttgart, ikafungwa huku na huku. Sitaki kuyaongelea.

5. Suala la St. Pauli. Mwaka jana Hamburg ilirudi kwenye nafasi yake ya nne. Lakini St. Pauli, timu ya mji huo huo wa Hamburg, ilikuwa ya kwanza na ikapanda. Nilifurahi mno. Nilivaa vizuri, nikavuka maji kwenda Deira, nikamweka Shomari chini nikampa hoja yangu: ulisema Hamburg ikirudi tutaoana. St. Pauli ni Hamburg. Mji umerudi. Khalas, tuoane.

Hakunijibu kwa siku mbili. Siku ya tatu alinipigia, akasema taratibu kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Swafiya, ungeniambia nikaoe mwanamke mwingine ningekusamehe upesi zaidi." Nimejaribu kuelewa inawezekanaje ndugu wa mji mmoja wachukiane hivyo. Wangari anasema hapo ndipo penye utamu wote. Mimi naomba serikali ya Ujerumani itoe tamko rasmi, lenye muhuri, kwamba mji mmoja ni mji mmoja.

6. Kuharibiwa kwa posa ya akiba. Kuna Bwana Khalfan, Mzanzibari, familia yao wako hapa tangu zamani, ana duka la vitambaa Bur Dubai. Ni mtu mzima, alifiwa na mkewe, mstaarabu wa kupigiwa mfano, na ni shabiki wa Bayern. Baada ya mambo ya Sandhausen ya mwaka 2023 alinijia kwa adabu. "Bi Swafiya," akaniambia, "miye timu yangu haishuki wala haijapata kunivunjia miadi. Kila mwaka kombe. Mume wa namna hiyo hakuhangaishi." Nilimwambia nitafikiri. Na si kwamba nilimwambia tu. Nilifikiri kweli, usiku na mchana, nikikunja mashuka.

Kabla sijamaliza kufikiri, ukaja msimu uliofuata. Leverkusen, ambao hawakuwahi kuwa mabingwa wa ligi katika maisha yao, wakachukua kombe bila kufungwa mechi hata moja ya ligi. Bayern wakawa wa tatu. Wa pili walikuwa Stuttgart, wale wale ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanapigana nasi kwenye mchujo wasishuke. Bwana Khalfan hakujua afanye nini. Hakuwa na mazoezi. Alifunga duka mapema, akazunguka Bur Dubai nzima kama mtu aliyepoteza funguo, na mwishowe akaenda kumtafuta mtu mwenye uzoefu wa kushindwa. Akampata Shomari.

Tangu hapo hawaachani. Shomari anamfundisha jinsi ya kutazama msimamo wa ligi kutoka chini kwenda juu. Nilipomuuliza Bwana Khalfan kuhusu lile jambo letu aliinamisha macho akasema, "Siwezi kumfanyia hayo sahibu yangu." Jumapili iliyopita Bayern wametawazwa tena, lakini Bwana Khalfan hakurudi kwangu. Mpira wenu ulinichelewesha kwa mchumba, kisha ukaninyang'anya na mbadala.

7. La mwisho ni fupi. Baba yangu macho yanakwisha. Ni presha ya macho, na daktari wa Lindi alisema kilichokwenda hakirudi. Mwaka ule wa mchele alikuwa bado anasoma gazeti. Mwaka jana nilipokwenda likizo alinitambua kwa sauti, akanishika uso akasema nimenenepa, na sikuwa nimenenepa. Sijamweleza Shomari hali ilivyo. Sitaki nionekane naombaomba ndoa kwa macho ya baba yangu. Lakini baba alisema jambo moja tu siku naondoka: angependa kuniona nimekaa kwenye kiti cha bibi harusi, hata kama ataona rangi ya nguo tu. Kisha akaniuliza kama Hamburg amepata barua yake.

Baada ya malalamiko hayo, haya ndiyo ninayoomba.

Jumamosi hii Hamburg inacheza na Ulm, na wanaojua wanasema ikishinda imepanda. Nimekwisha sikia maneno ya namna hiyo. Shomari mwenyewe anakataa kuyatamka. Anasema tulikwisha panda Sandhausen kwa dakika chache na bado hajapona. Kwa hiyo naomba jambo hili lisiachwe mikononi mwa wachezaji. Serikali itoe amri kwamba timu zipandishwe kwa umri, kama wanavyopanda watumishi wenye bahati, na Hamburg iwe ya kwanza.

Kama amri inachukua muda, naomba cheti. Hapa Dubai hakuna kinachosimama bila muhuri. Hata cheti changu cha kuzaliwa kilipigwa mihuri mingi kuliko mistari iliyomo. Niandikieni hati moja tu isemayo kuwa Hamburg imepanda daraja kwa matumizi ya ndoa peke yake, na isitumike uwanjani. Nitaipeleka Lindi na sitamwonyesha mtu mwingine.

Na kama na hilo haliwezekani, basi Mheshimiwa itabidi tuzungumze kuhusu Tendaguru. Iko mkoani kwetu Lindi. Ndipo watu wenu walipochimba mifupa ya yule mjusi mkubwa kuliko wote, mababu zetu wakaibeba vichwani mpaka baharini, ikapakiwa melini, na leo amesimama Berlin watu wanakwenda kumshangaa. Sijawahi kulalamika. Nilikua nikiambiwa kwamba mjusi wetu anatunzwa vizuri. Lakini tazameni hali ilivyo: dainosaria wetu mlimchukua mkamsimamisha juu kabisa, wa kwenu mkamwacha aanguke. Mimi natoa ofa kwa niaba yangu, ingawa mkoa haujanituma. Kaeni na mjusi. Msituletee hata kidole chake. Mtupandishie Hamburg, tuhesabu tumemalizana.

Mkikataa yote matatu, nitaomba wewe mwenyewe usafiri mpaka Lindi, ukae na Mwalimu Issa kwenye baraza, umweleze kwa maneno yako kwa nini faili la Hamburg limekaa miaka saba. Atakukaribisha vizuri. Atakuuliza maswali.

Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie makarani wote, yule anayefungua barua, na mlinzi wa getini ambaye Wangari anasema wanafahamiana. Wasalimie pia ndugu zako huko Ujerumani, wa daraja la juu na wa daraja la chini, na wale wa Heidenheim waambie sina kinyongo nao, ila walikuwa na haraka gani.

Nabaki wako mtiifu, mchumba wa mtu,

Swafiya Issa Mnali

N.B. Ijumaa jioni.

Mheshimiwa, barua hii sikuituma. Mimi si mtaalamu wa mpira, nikaogopa kukosea magoli mbele ya serikali, kwa hiyo leo baada ya sala nilimpa Shomari aikague. Tulikaa kituo cha abra upande wa Bur Dubai. Alisoma akitabasamu. Pale kwenye keki ya Wangari alicheka mpaka watu wakageuka. Alipofika namba saba akaisoma mara mbili. Abra ikaja ikajaa, ikaondoka bila sisi, na nyingine pia.

"Baba anaona kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia mtu akikaa karibu anaona kivuli chake.

Alichukua simu akampigia baba pale pale, akaiweka spika, kwenye kelele za mashine za boti. "Shikamoo, Baba. Ni Shomari. Naomba ndoa iwe Ijumaa ijayo, mkiniruhusu."

Baba akauliza, "Hamburg amepanda?"

"Bado, Baba. Ila hatumsubiri tena."

Nikamsikia baba akisema, "Maskini. Basi mwambieni aje hivyo hivyo alivyo, asione haya."

Shomari alifunika simu kwa kiganja, akageukia majini. Nilimuuliza kama ana hakika. Nikamwambia mechi ni kesho tu, na mtu aliyengoja miaka saba anaweza kungoja siku moja. Akajibu, "Hata wakifungwa kesho, angalau nitakuwa na mtu wa kulia naye." Nimekwisha omba likizo. Madam, mkubwa wangu hotelini, amesema yalla, nenda kabla sijabadilisha mawazo. Tunaondoka Jumanne, na Bwana Khalfan ametoa kitambaa cha nguo yangu. Nimechagua nyekundu, inayoonekana hata kwa mbali.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yale yote niliyoandika hapo juu naomba uyasome kinyume. Tafadhali fanya kila uwezalo Hamburg isishinde kesho. Ikishinda, Lindi nzima na Deira nzima watasema Shomari alinioa kwa kuwa timu imepanda, na hakuna atakayeamini kwamba aliamua leo, Ijumaa, timu ikiwa bado chini, akiwa ameshika barua yangu mkononi. Mechi yao ya mwisho ni Jumapili ya tarehe 18, sisi tutakuwa tumeshaoana tangu Ijumaa. Wapande siku hiyo, tutashangilia nao. Sisemi wabaki chini, jamani. Nasema wangoje wiki moja tu, mimi nipite kwanza.